B.J. Palmer: mwenye redio aliyetaka mikono yote iguse shingo kwa namna moja

Kuanzia hapa Horohoro mpakani hadi Tanga mjini, na ukivuka Lunga Lunga kuelekea Mombasa, kuna huduma ya kinyozi ambayo mara nyingi haimo kwenye orodha ya bei iliyobandikwa ukutani. Kinyozi akishamaliza kichwa na ndevu hukukanda mabega kidogo. Kisha hukushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, akakigeuza kichwa kwa ghafla mpaka shingo ialike. Wateja wengi huinuka wakisema wamekuwa wepesi, na wapo wasiokubali kuondoka kabla ya kusikia mlio huo.

Si vinyozi peke yao. Wakandaji wa vijijini hufanya hivyo, na wataalamu wa tiba ya viungo waliosomea kazi hiyo nao wana namna yao ya kuisukuma shingo. Swali wanalouliza wasikilizaji ni hili: je, watu hawa wanafanya kitu kilekile? Ukienda kwa watu watatu na shingo ileile, watagusa mahali pamoja, kwa nguvu sawa?

Mtu aliyehangaika na swali hilo karibu maisha yake yote alikuwa Mmarekani aliyeitwa Bartlett Joshua Palmer. Watu walimfahamu kwa herufi mbili tu, B.J. Alimiliki chuo, aliendesha kliniki, na alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kumiliki kituo cha redio nchini mwake. Maisha yake yanaeleza mengi kuhusu mkono unaokushika kidevu leo.

Mtoto wa mponyaji

B.J. alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, nchi ya mashamba ya mahindi na nguruwe. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo sana, akalelewa na mama wa kambo mmoja baada ya mwingine. Baba yake, Daniel David Palmer, alizaliwa Canada mwaka 1845. Mzee huyu alikuwa mtu wa kazi nyingi: alifundisha shule, alifuga nyuki, aliuza vyakula dukani. Baadaye aligeuka mponyaji wa kupitisha mikono juu ya wagonjwa, akiamini kuna nguvu fulani inayotoka kwenye viganja vyake. Mwaka 1887 akafungua chumba chake cha uponyaji mjini Davenport, ukingoni mwa Mto Mississippi.

Nyumbani alikuwa mkali. Alipokuwa mtu mzima, B.J. aliandika kwamba yeye na dada zake walichapwa mno na baba yao. Kijana hakukaa sana shuleni. Kwa muda alifuatana na mtu aliyezunguka na maonyesho ya jukwaani, ya kuwalaza watu usingizi kwa maneno mbele ya watazamaji. Huko alijifunza kusimama mbele ya watu na kuwashika masikio, ustadi uliomsaidia maisha yake yote.

Mwaka 1895, mwezi Septemba, kilitokea kisa kilichobadilisha maisha ya familia hiyo. Katika jengo alimofanyia kazi mzee Palmer alikuwamo mfanya usafi, mtu mweusi aliyeitwa Harvey Lillard, ambaye alikuwa hasikii vizuri kwa miaka 17. Mzee Palmer alieleza kwamba alimpapasa mgongoni, akaona pingili moja imejitokeza, akaisukuma kwa mkono, na Lillard akarudi kusikia. Baadaye binti wa Lillard alikieleza kisa kwa namna nyingine. Alisema watu walikuwa wakitaniana ukumbini, mzee Palmer akampiga baba yake mgongoni kwa kitabu alichokuwa nacho, na siku chache baadaye Lillard akaona anasikia nafuu.

Vyovyote ilivyokuwa, madaktari walikuwa na pingamizi moja. Mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni ukaingia moja kwa moja kwenye ubongo, ndani ya fuvu, wala haupiti mgongoni. Lakini mzee Palmer alikuwa ameshapata nadharia yake. Alisema karibu magonjwa yote, asilimia 95, hutokana na pingili za uti wa mgongo zilizohama mahali pake na kubana mishipa ya fahamu. Kazi ya mponyaji ni kuzirudisha kwa mkono. Rafiki yake mchungaji akamtafutia jina kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi inayofanywa kwa mikono, na ndipo likazaliwa neno kairopraktiki. Mwaka 1897 alianzisha chuo kidogo cha kuifundisha.

Kurithi chuo chenye madeni

B.J. alihitimu katika chuo cha baba yake mwaka 1902, darasa la wanafunzi wachache wa kuhesabika kwa vidole. Muda si mrefu mzee akaondoka kwenda majimbo ya magharibi, akamwachia kijana chuo na madeni. Mwaka 1904 B.J. alimwoa Mabel Heath. Mabel naye alisomea kazi hiyo, akawa mwalimu wa somo la maumbile ya mwili, akaandika kitabu cha kiada juu ya somo hilo. Wengi waliopita chuoni hapo walikiri kwamba nidhamu ya masomo ilikuwa mikononi mwa bibi huyo.

Baadaye mzee Palmer alirudi, na mwaka 1906 akapatikana na hatia ya kutibu watu bila leseni ya udaktari. Mahakama ilimtaka alipe faini au aende jela. Alichagua jela, akakaa siku 23, kisha akalipa faini na kutoka. Alipotoka, baba na mwana hawakuelewana tena. B.J. alikinunua chuo, na mzee akaenda kuanzisha vyuo vingine huko magharibi.

Mzee Palmer alifariki Los Angeles mwezi Oktoba 1913. Hati ya kifo iliandika homa ya matumbo. Hata hivyo miezi miwili kabla alikuwa Davenport kwenye maandamano ya sherehe ya chuo, na upande wake ukadai kwamba mwanawe alimgonga kwa gari siku hiyo. Madai yalifika mahakamani lakini hayakuthibitishwa. Hata hivyo yalimfuata B.J. mpaka uzeeni.

Wakati huo wahitimu wa Davenport walikuwa wakikamatwa huku na kule kwa kosa lilelile la baba yake. B.J. aliongoza chama kilichoanzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya kuwawekea mawakili. Hoja yao mahakamani ilikuwa kwamba kazi yao haikuwa udaktari wala matumizi ya dawa, hivyo sheria ya madaktari haikuwahusu. Jimbo la Kansas lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya kuitambua kairopraktiki, mwaka 1913. Jimbo la mwisho, Louisiana, lilifanya hivyo mwaka 1974.

Mnara juu ya chuo

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari waliorudi nyumbani walimiminika vyuoni. Chuo cha Palmer kilifikia zaidi ya wanafunzi 2,000 mwanzoni mwa miaka ya 1920. B.J. alijenga majengo, akapaka kuta kwa misemo aliyoitunga mwenyewe, akakusanya mifupa ya uti wa mgongo wa binadamu kwa wingi ili wanafunzi waishike na kuilinganisha. Alifuga nywele ndefu na kuvaa tai kubwa, na kila aliyemwona mara moja hakumsahau.

Mwaka 1922 alinunua kituo kidogo cha redio kilichoitwa WOC, akaipandisha mitambo juu ya jengo la chuo. Redio ilikuwa kitu kigeni wakati huo hata Marekani. B.J. alitambua mapema kwamba sauti ingefika kwa mkulima aliye mbali kuliko tangazo lolote la gazeti. Usiku, ambapo mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi, WOC ilisikika majimbo mengi. Kulikuwa na muziki, mahubiri, masomo, na masimulizi ya safari za B.J. mwenyewe duniani. Mwaka 1930 alichukua pia kituo cha WHO cha mji wa Des Moines, na baadaye akaandika kitabu kuhusu namna ya kutangaza biashara redioni.

Mwaka 1932 WOC ilimwajiri kijana mmoja asiye na kazi kutangaza mpira wa chuo kikuu cha Iowa. Kijana huyo alikuwa Ronald Reagan, ambaye miaka 49 baadaye aliapishwa kuwa rais wa Marekani. Kazi yake ya kwanza ya utangazaji aliipata kwenye kituo cha mtu wa kunyoosha shingo.

Tatizo la mikono mingi

Chuo kilipokuwa na wahitimu maelfu, tatizo lililokuwa limejificha likaanza kuonekana. Mgonjwa angepapaswa na mtu mmoja akaambiwa pingili mbovu ni ya nne, akaenda kwa mwingine akaambiwa ni ya sita. Mmoja alisukuma kwa nguvu, mwingine polepole. Mmoja alianzia shingoni, mwingine kiunoni. Ikiwa nadharia ilikuwa ya kweli, kwamba kuna pingili moja iliyohama na kusababisha ugonjwa, basi watu wote waliofundishwa chuo kimoja wangetakiwa kuiona pingili ileile.

B.J. hakulikwepa jambo hilo. Karibu mwaka 1910 alikuwa ameshaleta mashine ya eksirei chuoni, miaka 15 tu baada ya miale hiyo kugunduliwa Ujerumani. Alitaka picha ya mfupa ionyeshe kile ambacho vidole vilikuwa vikibahatisha. Picha ilisaidia kuona mfupa uliovunjika au uliopinda, lakini haikumaliza ubishi, kwa sababu wasomaji wawili wa picha moja nao waliweza kutofautiana.

Mwaka 1924 akatoa kifaa kipya. Kilikuwa na ncha mbili zilizopitishwa pande zote mbili za uti wa mgongo, zikipima tofauti ya joto la ngozi kati ya kulia na kushoto. B.J. aliamini kwamba palipo na tofauti ya joto ndipo mshipa wa fahamu ulipobanwa. Kwa mara ya kwanza, alisema, mkono wa kila mtu ungeongozwa na mshale wa mashine.

Lakini hakukiuza kifaa hicho. Alikikodisha, na gharama yake ilipita dola 2,000, wakati gari jipya la Ford la bei ya chini lilikuwa halifiki dola 300. Aliwaambia pia wahitimu wake kwamba anayetibu bila kifaa hicho hafanyi kazi inavyotakiwa. Wengi walikasirika. Walimu wake kadhaa wakubwa walijiuzulu, na mwaka 1926 wakafungua chuo chao mjini Indianapolis. Idadi ya wanafunzi wa Davenport ikashuka, na B.J. akapoteza uongozi wa chama alichokiongoza kwa miaka karibu 20.

Kutoka uti mzima hadi pingili mbili

Wengi wangetafuta suluhu na waliomkasirikia. B.J. alikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitangaza kwamba hakuna haja ya kugusa pingili zote 24. Inatosha kugusa mbili za juu kabisa za shingo, ile inayobeba fuvu na ile iliyo chini yake. Njia hiyo aliipa jina lililotoka kwenye mchezo wa gofu, la mpira unaoingia shimoni kwa pigo moja.

Sababu yake ilikuwa rahisi kueleza redioni. Pingili hizo mbili hazifanani na nyingine. Hazina zile gegedu laini zinazokaa kati ya pingili na pingili, ni nyepesi kuzunguka, na katikati yake unapita uti wa fahamu ukitoka kwenye ubongo. Kama kuna mahali pa kubanwa, alisema, ni hapo.

Wanafunzi walifundishwa pigo moja tu. Mgonjwa alilala ubavu, mtibabu akaweka mfupa wa kiganja chini ya sikio, akasukuma kwa kasi na kuachia mara moja, bila kukizungusha kichwa. Walilirudia pigo hilo mara nyingi mno kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Mwaka 1935 alifungua kliniki ya utafiti ambamo wagonjwa walipigwa picha na kupimwa joto kabla na baada ya matibabu. Alijaribu kuondoa tofauti za mkono kwa kupunguza mambo ambayo mkono ungeweza kufanya.

Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wake. Wazo la kupima, kurudia na kuandika kila kitu lilikuwa zuri. Lakini alichopima ni vitu alivyokuwa ameshaamini, na vipimo vyake havikuwekwa mbele ya watu wasiokuwa upande wake ili wajaribu kuvikosoa. Mikono kumi inaweza kugusa mahali pamoja kwa namna moja, na bado mahali hapo pasiwe chanzo cha ugonjwa. B.J. aliendelea kufundisha kwamba vidudu si chanzo kikuu cha maradhi, na alipinga chanjo, katika miaka ambayo chanjo zilikuwa zikiokoa watoto wengi sana duniani. Kwa hilo alipotosha watu wengi, na redio aliyokuwa nayo ililifikisha neno lake mbali zaidi.

Mabel alifariki mwaka 1949. Mwaka huohuo B.J. alifungua kituo cha televisheni mjini Davenport. Aliendelea kuandika vitabu mpaka mwisho, akafariki mwezi Mei 1961 huko Florida alikokuwa na makazi. Mwanawe David alishika chuo, akalegeza mengi ya masharti ya baba yake. Chuo kipo hadi leo.

Waliokuja baadaye na mizani

Swali la B.J. lilijibiwa na watu wengine, kwa vyombo ambavyo yeye hakuwa navyo. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Canada, waliweka vipimo vyembamba vya nguvu kati ya mkono wa mtibabu na mwili wa mgonjwa. Ilikuwa kama kuweka mizani katikati.

Walichokiona ni hiki. Msukumo wa shingo ni wa haraka sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, haraka kiasi kwamba mgonjwa hawezi kukaza misuli kuuzuia. Nguvu yake kwa wastani inakaribia uzito wa kilo 10, ndogo kuliko inayotumika mgongoni. Lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Mtaalamu mzoefu hujifanana mwenyewe: msukumo wake wa leo hukaribiana na wa jana. Hafanani sana na mwenzake wa chumba cha pili. Wanafunzi hutofautiana zaidi, ingawa wakifanya mazoezi huku kompyuta inawaonyesha nguvu na kasi yao, hukaribiana zaidi.

Kuhusu kuitafuta pingili mbovu kwa vidole, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wapapasaji wawili hawakubaliani vizuri wanapotafuta kiungo kilichokaza. Hukubaliana zaidi wanapouliza jambo rahisi: hapa panauma?

Na ule mlio? Mwaka 2004 watafiti wa Canada walichapisha kazi waliyoifanya kwa kurekodi mlio kwenye mgongo. Waliona kwamba ulitoka kwenye kiungo kilicholengwa takribani nusu tu ya mara. Mara nyingine ulitoka kwa jirani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walipiga picha za kidole kikialishwa ndani ya mashine ya MRI. Waliona uwazi wa hewa ukijitokeza ghafla ndani ya ute wa kiungo wakati mifupa inapoachana. Kwa hiyo shingo kualika si ushahidi kwamba mfupa uliohama umerudi mahali pake.

Hii haina maana kwamba tiba ya mikono ni bure. Kwa maumivu ya kawaida ya shingo, baadhi ya watu hupata nafuu, hasa tiba hiyo ikiambatana na mazoezi. Nafuu hiyo inaweza kuja hata pale mkono ulipokosea pingili, labda kwa sababu misuli imelegea na maumivu yametulizwa kwa muda. Kinachopungua nguvu ni dai la mzee Palmer na mwanawe kwamba lazima iguswe pingili fulani hasa, na kwamba kuigusa kunatibu kila kitu.

Jambo la kulijua kabla ya kutoa shingo

Shingoni kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda nyuma ya ubongo. Inapita ndani ya matundu madogo kwenye pingili za shingo, na inapofika kwenye zile mbili za juu, zile za B.J., inajipinda kabla ya kuingia kwenye fuvu. Kichwa kikizungushwa kwa ghafla mpaka mwisho, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani. Damu ikiganda hapo na bonge likapanda kichwani, mtu hupata kiharusi, hata akiwa kijana.

Jambo hilo ni nadra. Kulipima pia ni kugumu, kwa sababu wapo ambao mshipa wao ulikuwa umeanza kuchanika tayari, na maumivu waliyoyapeleka kwa mkandaji yalitokana na mchaniko huo. Lakini likitokea ni kubwa, na si la kubahatisha kwa sababu ya wepesi wa dakika kumi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mafunzo na usalama katika kazi ya kairopraktiki. Mwongozo huo unaorodhesha hali ambazo mtibabu hatakiwi kabisa kusukuma, na kuzitambua kunahitaji mafunzo. Kinyozi hajafundishwa hilo, na si kosa lake, kwa kuwa kazi yake ni nyingine.

Basi, ndugu msikilizaji, ukiwa na hali yoyote kati ya hizi, usikubali shingo yako igeuzwe kwa ghafla na mtu yeyote:

- Umeanguka, kwa mfano kutoka mnazini, au umepata ajali ya bodaboda, na shingo inauma tangu hapo. Usikandwe. Nenda kapimwe kwanza.
- Mikono au miguu inakufa ganzi, inapoteza nguvu, au mkojo unakusumbua.
- Una homa, unapungua uzito au unatoka jasho usiku. Kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye mifupa ya uti wa mgongo.
- Umewahi kuambiwa una saratani, ugonjwa wa baridi yabisi, au mifupa dhaifu ya uzeeni.
- Maumivu ya shingo au kichwa yamekuja ghafla na ni makali kuliko uliyowahi kuyapata.

Na kama shingo imeshageuzwa, kisha mtu akaanza kizunguzungu kikali, kuona vitu viwiliviwili, kutapika, kuyumba, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza au upande mmoja kulegea, hilo si jambo la kulala tukaone kesho. Mpelekeni hospitali mara moja, na mwelezeni daktari kwamba shingo iligeuzwa na ni saa ngapi.

Kwa maumivu ya kila siku, yale ya kubeba ndoo na kuni kichwani, kupalilia ukiwa umeinama, au kuinamia simu jioni nzima, yapo ya kufanya bila mlio. Tumia kitambaa cha maji ya moto. Geuza kichwa mwenyewe taratibu kulia na kushoto, mara kadhaa kwa siku, ukiishia pale panapoanza kuvuta. Gawa mzigo mara mbili. Kukandwa mabega na misuli polepole hakuna ubaya, mradi umwambie mkandaji mapema, kabla hajakishika kidevu, kwamba kichwa kisigeuzwe kwa ghafla.

Maumivu yakizidi wiki chache, kuna wataalamu wa mazoezi tiba. Wanafundishwa hapa nchini, kwa mfano katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Kwa sisi wa mkoa wa Tanga, mahali pa kuulizia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ukianzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ili upewe barua. Ukifika kwa mtaalamu yeyote wa mikono, muulize amesomea wapi, ameona nini kwenye shingo yako, anataka kufanya nini, na kama ipo njia nyingine isiyo ya kusukuma. Mtaalamu mzuri hujibu maswali hayo bila kukasirika, na huanza kwa kukuuliza yeye maswali mengi kabla ya kukugusa.